Mawasiliano Yamekatika

Friji ya nyumba ile ilikuwa na amri kumi na nne. Zilikuwa zimechapwa, zimewekewa namba, na zimebandikwa kwa sumaku nne, moja kila pembe, ili feni isije ikazipeperusha. Amri ya kwanza ilisema nani aamke wa kwanza. Ya saba ilisema taulo ya kijani ni ya miguu na ya miguu tu. Ya kumi na nne ilisema kwamba jambo lolote ambalo halimo humu, aulizwe mwandishi kwa simu kabla mtu hajagusa kitu.

Mwandishi alikuwa luteni kamanda wa jeshi la majini, mama wa watoto wawili wa kike, na kila mtu nyumbani alimwita Afande. Mumewe ndiye aliyeanza, kwa utani, enzi za uchumba. Utani ukakomaa ukawa jina, na sasa hata fundi bomba akibisha hodi huuliza kwanza kama Afande yupo, ndipo afungue mfuko wake wa vifaa.

Ijumaa ile mchana Afande alirudi kutoka chuo cha maofisa, akapita sebuleni bila kuuliza nani kaacha viatu katikati ya njia. Hapo nyumba nzima ikajua kuna balaa.

Mumewe alikuwa chumba cha mbele, penye cherehani mbili na meza ndefu ya kukatia, anashona magwanda ya maofisa wenzake Afande kule chuoni. Watu walimwita Fundi. Aliinua mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza.

"Nimefeli," Afande alisema.

"Zoezi la mezani?"

"Lile lile. Meli sita kwenye ramani, moja imebeba mafuta, na lazima yafike kwenye kisiwa kilichozingirwa na adui. Wenzangu wamekaa na meli, mimi nipo chumba cha pili naongoza kwa redio. Mambo yanakwenda vizuri. Mara Kalamu Nyekundu anainua mkono, anasema, 'Mawasiliano yamekatika.'"

Kalamu Nyekundu alikuwa mkufunzi mkuu. Jina lake halisi lilikuwa kwenye mlango wa ofisi yake na hakuna aliyelitumia.

"Halafu?"

"Akamiminiwa chai."

"Halafu?"

"Akainywa."

"Halafu?"

"Akaimaliza, baba watoto! Kikombe kizima, na biskuti mbili! Na muda wote huo meli zangu sita zimesimama palepale, zinasubiri niseme neno. Adui akazichukua moja moja. Darasa zima lilicheka. Yule meja wa vifaru alicheka mpaka akatoka nje."

Fundi aliinamia kitambaa.

"Usicheke."

"Sicheki."

"Mabega yako yanacheka."

Akamtupia karatasi zake. Juu kabisa, kwa wino ambao ndio uliompa mkufunzi umaarufu wake, palikuwa pameandikwa: *Amri kurasa kumi na moja. Nani atazisoma huku anazama?* Fundi akaacha kucheka, maana alijua lililobaki. Zoezi liliruhusiwa kurudiwa mara moja tu. Afande angeingia chuoni Jumanne, siku tatu, simu zote zimekusanywa getini. Akifeli tena, jina lake lingefutwa kwenye orodha ya watakaopewa meli, na orodha hiyo haikuwa na mlango wa kurudia. Wangempa ghala la kamba bandarini, akae nalo hadi astaafu. Na mwanamke huyu alitaka kitu kimoja tu katika kazi yake: siku moja asimame juu ya meli, mtu aulize kamanda wa meli hii ni nani, naye ajibu, "Mimi."

"Nani kafeli?" sauti iliuliza kutoka koridoni.

Ilikuwa ya Bibi, mama mzazi wa Fundi, ambaye masikio yake yalikataa kuzeeka pamoja na magoti.

* * *

Kesho yake asubuhi Bibi aliamuru bahari iletwe nyumbani. Fundi akaichora kwa chaki ya kukatia, juu ya meza ndefu, ikiwa na kisiwa, mwamba mmoja na mkondo. Mkasi mkubwa ukawa bandari ya kisiwa. Vibunda sita vya uzi vikawa meli za Afande: vitano vya buluu, na kimoja kikubwa cheupe, ndiyo meli ya mafuta. Bibi akapewa vibunda vinne vyekundu awe adui. Akajiongezea cha zambarau bila kumwomba mtu ruhusa.

"Mama, adui ana meli nne," Afande alisema.

"Nimenunua nyingine."

Afande akapelekwa jikoni, mlango ukafungwa, akabaki na simu moja sikioni. Simu ya pili ilikaa katikati ya bahari, sauti imepandishwa. Binti mkubwa, wa miaka kumi na mitatu, alishika meli tatu. Fundi alishika mbili. Ile nyeupe akapewa mtoto wa mwisho, wa miaka sita, ambaye walimwita Kitinda. Aliipokea kwa mikono miwili.

Kwa dakika ishirini jikoni kulitoka amri. Meli ya kwanza isogee shibiri moja. Meli ya pili isisogee mpaka ya kwanza isogee. Meli ya tatu iangalie kushoto, sasa iangalie kulia. Kitinda akae wima. Fundi aliitikia "Ndiyo, Afande" mara nyingi hadi akaanza kusinzia. Ndipo Bibi aliponyosha kidole, akaizima ile simu.

"Mawasiliano yamekatika," alisema. "Mjukuu wangu, niletee chai."

"Chai ipo jikoni, Bibi, na jikoni kuna mama."

"Basi nitavumilia."

Vibunda vyekundu vikaanza kusogea. Binti mkubwa alisema yeye aliambiwa asubiri. Fundi akasema na yeye aliambiwa amsubiri anayesubiri. Kitinda aliitazama meli yake nyeupe, akatazama nyuso za wakubwa, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Kwani meli yangu inakwenda wapi?"

Fundi na binti mkubwa waliitazama ile simu iliyozimwa.

"Mbele," Fundi alijaribu.

"Mbele wapi, baba?"

Fundi hakujua. Binti mkubwa hakujua. Nyuma ya mlango wa jikoni, Afande, ambaye sikio lake lilikuwa limebanwa kwenye mbao, alihisi uso unawaka moto. Alikuwa amewaambia mwendo, umbali na upande wa kutazama, lakini waendako palikuwa kwenye ukurasa wa tisa, na alikuwa hajaufikia. Alipofungua mlango Bibi alikuwa amekwisha kuwazamisha wote, na kile cha zambarau amekiegesha bandarini, juu ya mkasi.

"Kaa," Bibi akamwambia. "Mimi nimekuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni miaka ishirini na mbili. Nilikuwa na wasaidizi wanane. Unajua nilikuwa nawaambia nini kila siku?"

"Vipimo vya chumvi."

"Saa saba kamili watoto wawe wanakula. Basi. Kuni zilowe, maji yakatike, mimi niwe nimelazwa, saa saba watoto walikula. Siku moja walikula uji mchana kwa sababu unga wa ugali ulikuwa na wadudu. Nani aliamua? Sijui mpaka leo! Nilikuwa kwa daktari wa meno."

Wakacheza tena. Safari hii, kabla ya kwenda jikoni, Afande alisema maneno machache, na kuyasema machache kulimchosha kuliko kuandika kurasa kumi na moja. "Meli nyeupe ifike kwenye mkasi. Wengine wote kazi yenu ni kumfikisha Kitinda. Nikipotea, msinisubiri." Bibi akaikata simu papo hapo. Binti mkubwa akajitosa mbele ya vyekundu kwa makelele mengi, Fundi akamfuata, na katika vurugu hiyo Kitinda alichukua kibunda chake, akakiweka ndani ya gauni, akapita chini ya meza kwa magoti, akaibukia upande wa pili, akakikita kwenye mkasi.

"Wizi huo!" Bibi aling'aka. "Meli haipiti chini ya bahari!"

"Wewe ulinunua meli sokoni," Fundi alimjibu.

Walicheka hadi cherehani ya pili ikaanguka kifuniko. Afande alicheka kuliko wote, na machozi yalimtoka, si yote ya kicheko.

* * *

Jumatatu jioni, begi likiwa tayari mlangoni, Bibi alisimama mbele ya friji.

"Na hizi?"

"Hizo zibaki, mama. Hizo ni za nyumba."

"Wageni wa kwenye meli zako unawaamini, sisi hutuamini?"

Afande alibandua sumaku moja. Akabandua ya pili. Hadi ya nne alionekana kama mtu anayeng'olewa jino. Kisha akachukua nusu karatasi akaandika, Bibi akaikataa kwa kuwa ndefu, akaandika nyingine, ikakataliwa, na ya tatu ndiyo iliyobandikwa: *Nimalize mtihani akili yangu ikiwa tulivu, na nikirudi niwakute nyote.*

"Hilo ndilo kusudi?" Bibi aliuliza.

"Ndilo hilo."

"Nenda salama."

* * *

Jumanne, saa tatu asubuhi, shule zikiwa zimefungwa, uhuru uliingia nyumbani na ukaleta madhara yake. Amri ya tisa ya zamani ilikuwa ikisema ngazi za baraza zioshwe na binti mkubwa, kwa maji matupu. Amri ya tisa haikuwepo tena. Kitinda, akiwa na moyo safi na pakiti nzima ya sabuni ya unga, aliosha ngazi mwenyewe ili mama akirudi azikute zinang'aa. Bibi akatoka na kikombe chake. Akazishuka ngazi zote tatu kwa mpigo, na alipofika chini kikombe kilikuwa kizima, ila mkono wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mikono haipindi.

Fundi alifunga mkono kwa rula yake ya mbao na vipande vya kitambaa cha magwanda, wakakimbilia hospitali ya jeshi. Karani wa dirishani aliigeuza kadi mbele na nyuma.

"Kadi ni ya ofisa. Mgonjwa ni mkwe wa ofisa. Mwenye kadi lazima aweke sahihi. Yuko wapi?"

"Yuko vitani," Fundi alisema.

Karani akainua macho. "Vita gani?"

"Vya mezani."

Foleni nzima iliwageukia. Mke wa kanali mmoja, aliyekuwa na kikohozi kidogo na mkoba mkubwa, aliuliza kwa sauti kama siku hizi hospitali ya jeshi inahudumia na mafundi nguo. Fundi aliona aibu hadi masikioni, na alijichukia kwa kuiona.

"Pigeni simu chuoni," karani alisema, sasa kwa upole zaidi. "Wana namba ya dharura. Watamtoa kwenye mtihani, aje asaini, arudi. Dakika arobaini tu."

Fundi alitoa simu. Alikuwa amebonyeza namba tano pale mkono mzima wa Bibi ulipomdaka.

"Kusudi linasemaje?"

"Mama, umevunjika!"

"Sikuulizi mimi nina nini. Nauliza kusudi linasemaje."

Binti mkubwa alilikariri neno kwa neno. "Nimalize mtihani akili yangu ikiwa tulivu, na nikirudi niwakute nyote."

"Mimi nipo?"

"Upo, Bibi."

"Basi mawasiliano yamekatika. Twendeni hospitali ya raia."

Huko walikaa kwenye benchi tangu saa nne hadi saa kumi. Kitinda alilia safari nzima na benchi zima, hadi Bibi alipomvutia kwenye ubavu wake usiouma.

"Uliosha ngazi ili iweje?"

"Ili zing'ae."

"Kwani hazikung'aa? Nilijiona mpaka meno wakati nashuka."

Mtoto akacheka na kamasi. Hatimaye muuguzi akaifungua ile bendeji ya magwanda, akaisogeza kwenye mwanga.

"Nani kafunga hii?"

"Mimi. Ni fundi nguo."

"Lakini umeipiga na pindo!"

"Ingechanika pembeni," Fundi alisema kwa haya, na kwa mara ya kwanza siku ile akajisikia vizuri. Muuguzi aliwaita wenzake wawili waje waone.

* * *

Kule chuoni, Afande alikuwa amewasilisha amri ya nusu ukurasa. Kalamu Nyekundu aliipindua kutafuta iliyobaki.

"Zingine ziko wapi?"

"Ni hiyo tu, afande."

"Unaumwa?"

"Hapana, afande."

Darasa likaguna. Meja wa vifaru, yule aliyecheka hadi nje, alikuwa amepangiwa meli ya mafuta, na alikuwa mtu ambaye hata ramani ya bahari humtia kichefuchefu. Afande alitamani sana kumwandikia kurasa mbili zake peke yake. Badala yake alimtazama machoni. "Mafuta yafike kisiwani kabla ya siku ya tatu kwisha. Wote hawa wapo kwa ajili yako. Nikipotea, usinisubiri."

"Nisipojua la kufanya?"

"Unajua unakokwenda."

Jumatano, saa nne na nusu, mkono ukainuliwa. Mawasiliano yamekatika. Afande akatolewa, akaketishwa kwenye benchi la koridoni, mlango ukafungwa. Hakuna aliyemwambia chochote. Alisikia viti vikiburutwa, mtu akipaza sauti, kisha kimya, kisha vicheko, na kila kicheko kilimchoma. Alihesabu vigae vya sakafu. Mara tatu aliinuka kwenda kugonga, mara tatu akakaa. Alijiambia kwamba angalau nyumbani kila kitu ni shwari, na hilo likamtuliza.

Alhamisi mchana waliitwa wote. Meja wa vifaru alikuwa ameificha meli ya mafuta nyuma ya mwamba nusu siku nzima, jambo ambalo Afande angelikataza kwa herufi kubwa, na wengine walipomchosha adui upande wa pili, meja akachomoka akaingia bandarini. Meli mbili zilizama. Mafuta yalifika.

"Alama sitini na tatu," Kalamu Nyekundu alisema. Hamsini na tisa ilikuwa kufeli. "Nusu ukurasa wako una makosa mawili ya uchapaji." Alikitazama kikombe mbele yake, kimejaa, kimeota utando juu. "Na sikupata nafasi ya kunywa chai yangu."

Meja wa vifaru alimkumbatia Afande, kofia zao zote mbili zikaanguka.

* * *

Getini walikuwepo wote wanne. Fundi alikuwa amevaa koti, watoto wamechanwa nywele, na Bibi, chini ya jua lile kali, alikuwa amejifunika shali zito kuanzia shingoni hadi magotini.

"Nimefaulu!" Afande alipiga kelele kabla mlinzi hajamrudishia simu yake. Alimbeba Kitinda, akamzungusha, akamgonga Fundi kwa viatu vya mtoto. "Nimefaulu! Mama, umesikia? Nitapewa meli!" Akamrukia Bibi, akamkumbatia kwa nguvu zote za jeshi la majini.

"Aaai!" Bibi alisema.

Shali likaanguka. Plasta ilianzia vidoleni hadi kiwikoni, na ilikuwa imekwisha kuandikwaandikwa: jua la Kitinda, jina la binti mkubwa, sahihi za wauguzi watatu, na mchoro wa cherehani.

Afande alimtua mtoto chini. "Lini?"

"Jumanne," Fundi alisema.

"Jumanne! Leo Alhamisi! Mmekaa siku tatu hamnipigii? Chuo kina namba ya dharura! Nimekaa kwenye benchi pale nahesabu vigae, najiambia nyumbani ni shwari, kumbe mama amevunjika mkono! Nani aliamua?"

Bibi akajikohoza, akasimama wima kadiri magoti yalivyomruhusu.

"Mawasiliano yalikatika, Afande. Tukafuata kusudi."

Afande alikaa chini pale pale kwenye ukingo wa barabara, na sare yake safi, na alicheka huku analia hadi mlinzi akatoka kuuliza kama kuna tatizo. Alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo, na ndani ya furaha hiyo palikuwa na maumivu, maana walikuwa wameumia bila yeye na wakaweza bila yeye, na yeye ndiye aliyewaomba hivyo.

"Alama ngapi?" Bibi aliuliza, akikaa kando yake kwa msaada wa Fundi.

"Sitini na tatu."

"Sitini na tatu tu? Kwa mkono huu wote?"

Fundi akatoa kalamu mfukoni. Palikuwa pamebaki nafasi moja kwenye plasta, karibu na kiwiko, Bibi alikuwa ameilinda isiandikwe na mtu. Afande akaushika mkono ule kwa uangalifu, akafuta pua, akaanza. *1. Asibebe ndoo. 2. Asishuke ngazi peke yake. 3. Asiguse...*

"Mama," Kitinda alisema, akichungulia begani.

Afande akasimamisha kalamu. Akazikata zote kwa mstari mmoja, na chini yake, mahali palipobaki padogo sana, akaandika neno moja: *Pona.*

Bibi aliusogeza mkono mbali na macho yake ili asome.

"Imepokelewa," alisema.